Nilivyopeleka Dagaa Kwenye Theluji ya Japani

Siku niliyotua Toronto, kaka yangu mkubwa alinipokea uwanja wa ndege akiwa na koti mkononi. Koti la kijivu, zito kama godoro la hospitali. Kabla hata hajaniuliza habari za Tanga alinivika, akafunga zipu mpaka kidevuni, akanipa sheria ya kwanza ya nchi: "Theluji ya huku haina mchezo, mdogo wangu. Ukiiona, ikimbie."

Nikaikimbia. Niliikimbia miaka ishirini na koti lile lile mgongoni. Nilikimbia kutoka nyumbani kwangu Mount Dennis mpaka kituo cha basi, kutoka basini mpaka jikoni kwenye nyumba ya wazee ninakopika, na jioni nikarudi mbio vilevile. Nayo haikukubali kuachwa. Imenibwaga mbele ya msikiti, mbele ya kanisa na mbele ya benki, haibagui dini wala mali. Imeninyang'anya glavu za kutosha kuvisha jeshi zima, tena kila mara inachukua ya kulia. Asubuhi moja nilichimba gari lililofukiwa mpaka jasho likanifika kwenye soksi, nikaja kugundua ni gari la jirani. Mwenyewe alikuwa dirishani na kikombe chake cha chai, ananipungia mkono.

Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo. Sikwenda Japani kutalii. Nilikwenda kulipiza kisasi. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba mwanamke wa hamsini na kitu, mwenye goti linalotabiri mvua kuliko redio, hakuwa na shughuli yoyote kwenye milima ya Wajapani. Waseme, midomo ni yao. Goti ni langu.

Chanzo cha yote ni shule ya jioni. Nyumbani niliishia darasa la saba, na nilipoona wanangu wamemaliza kusoma wote, nikasema sasa zamu yangu. Cheti changu cha sekondari kimetundikwa sebuleni, pale ilipokuwa picha ya harusi. Picha niliishusha, msumari ulikuwa mmoja.

Darasani ndipo nilipompata shoga yangu. Ni Mhindi wa Lindi, wa jamii ya Khoja, aliyeolewa kabla ya kumaliza shule akauza vitambaa dukani kwa mumewe mpaka mume akafariki. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu, ambao nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza kama mapokezi ya hotelini. Kazi yetu ya mwisho ya jiografia ilikuwa kueleza hali ya hewa ya nchi moja. Tukapewa Japani. Tukasoma jinsi upepo wa baridi unavyotoka Siberia, ukavuka bahari ukinywa maji njia nzima, ukagonga milima ya Hokkaido na kuyamwaga yote kwa namna ya theluji kavu, nyepesi, laini kama unga wa mchele. Mwalimu akatuonyesha kipande cha video: mtu kasimama juu ya ubao mmoja, anashuka mlima, theluji inampita kiunoni kama moshi.

Shoga akaniegemea. "Mwone yule. Theluji inambeba."

"Sisi inatubwaga."

"Basi sisi tumekaa upande mbaya wa theluji, shoga."

Maneno hayo yalinikaa kichwani kuliko somo lenyewe. Majira hayo hayo ya baridi tukaenda kujifunza kwenye kilima cha bustani ya jiji. Kilima chenyewe, nisiwadanganye, ukipiga chafya juu unaitikiwa afya chini. Na hiyo theluji yake haikuwa theluji, ilikuwa kioo. Tulianguka mpaka watoto wa miaka mitano wakawa wanatuzunguka kama mizunguko ya barabara. Kijana aliyetufundisha alikuwa na wimbo mmoja: kandamiza ukingo wa ubao, egemea mbele, kaza. Nikakaza. Nilikaza miguu, meno na kope. Majira ya pili ya baridi nilikuwa nateremka bila kumgonga mtu, mtandio chini ya kofia ngumu, na niliposikia zamu yangu ya kupokea fedha kwenye mchezo wa akina mama inakuja, nikajua imetimia. Tukakata tiketi.

Kwetu mtu hasafiri bila kikao. Kaka aliitisha chake nyumbani kwake Pickering, siku ya Jumapili, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu alisubiri kwanza watu wamalize pilau.

"Nimewaita," alisema, "kwa sababu mdogo wangu anataka kujiua kwa nauli yake mwenyewe."

Watu wakanigeukia wote, na wifi yangu akaacha kukusanya sahani.

"Theluji ipo hapo mlangoni," kaka akaendelea. "Toka, teleza, rudi ule. Japani kuna nini?"

"Hii imekanyagwa na mabasi, kaka. Ile ni mpya."

"Theluji mpya, theluji ya mtumba, zote si zinayeyuka?"

Kikao kizima kikacheka, nami nikacheka, maana kaka akiamua kuwa mchekeshaji ni hatari. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia ninachotaka ni kimoja tu: kushuka mlima mmoja wa theluji mpya, ambayo haijakanyagwa na mtu, kutoka juu mpaka chini, nimesimama. Mara moja. Baada ya hapo wanizike watakavyo.

"Na ukivunjika?" wifi aliuliza.

"Nitaungwa."

"Na watu watasemaje?"

"Watasema wifi yako ana ubao."

Kaka alifunga kikao kwa uamuzi kwamba safari haipo. Nikasema, "Nimesikia, kaka." Angalieni vizuri: nilisema nimesikia.

Siku ya kuondoka, tunapakia mabegi, akatokea mlangoni kwangu na mfuko wa nailoni uliofungwa ndani ya mwingine, nao ndani ya mwingine, kama kitunguu. "Maadam umekaidi," alisema, "mpelekee mtoto huyu mzigo." Walikuwa dagaa wa Kigoma, kilo za kutosha kulisha kambi. Mtoto mwenyewe ni binti wa dada yake wifi, msichana mkubwa anayesoma chuo Sapporo. "Umkabidhi mkononi, Jumamosi, siku asiyokuwa na chuo wala kazi. Nimeshampa ahadi." Ndivyo tulivyo. Kwetu unaweza kumkatalia mtu ndoa, huwezi kumkatalia mzigo. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Uwanja wa ndege wa kule, afisa wa forodha aliomba afungue mfuko. Akafungua wa kwanza, wa pili, wa tatu, akachungulia. Akanitazama. Akawatazama tena dagaa. Akatabasamu, akainama kwa heshima, akaufunga vizuri kuliko alivyoukuta. Nikamwambia shoga, unaona watu wenye malezi? Sababu ya tabasamu lile sikuijua bado.

Tukakodi gari. Jamani, nililia kidogo, na nisisingizie baridi. Usukani kulia, barabara upande wa kushoto, kama Tanga! Na magari niliyoyajua kwetu yakiwa wazee wa kukohoa, huku niliyakuta bado vijana. Nilipowasha la kwetu, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi na kusema lile neno refu la Kijapani ambalo kila gari la mtumba husema nyumbani likiwashwa, ambalo tumelisikia miaka yote tukidhani ni dua ya safari. Nikamuuliza kijana wa kukodisha. Akaeleza kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza: hujaweka kadi ya kulipia barabara. Basi nchi nzima tumekuwa tukikumbushwa kadi, na sisi tunaitikia amina.

Mimi dereva, shoga rubani wa ramani. Tulianza kuikimbilia theluji kama watu wanaokimbilia mdeni. Mlima wa kwanza ulikuwa umenyeshewa mvua, umeganda, kioo kilekile cha Toronto. Ningeweza kubaki nyumbani nikaanguka bure. Mlima wa pili, upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba lifti ya viti ilifungwa, na naapa niliona kunguru akirudi kinyumenyume. Tukaendelea kuendesha, mashamba meupe huku na huku, na kila tulipowasha kipasha joto dagaa walifufuka huko nyuma. Walifufuka kweli. Harufu ilikaa katikati yetu kama abiria wa tatu.

"Shoga," alisema mwenzangu akifungua dirisha kwenye baridi ile, "mwanao huyu ataoga lini?"

"Jumamosi anashuka Sapporo."

"Jumamosi ni mbali."

Ijumaa tukasikia utabiri: upepo umegeuka, unatoka Siberia moja kwa moja, na mzigo wote utashuka kwenye milima ya katikati. Tukashika barabara ya huko mpaka tukafika kwenye nyumba ndogo ya wageni chini ya mlima. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu, anaishi peke yake na paka. Wakati wa chakula cha jioni theluji ikaanza. Haikudondoka kama ya Toronto inayokuja kwa ubavu kama inakudai. Hii ilishuka taratibu na wingi wake, chembe kubwa, haina haraka na mtu. Na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Asubuhi shoga alinivuta kwenye dirisha. Sikuliona gari. Uzio wa mzee ulikuwa umemezwa, na kibao cha barabarani kimebaki macho. Naambiwa ilikuwa ya kimo cha goti. Mimi niliiona ya kimo cha twiga. Mtambo wa kusafisha barabara ulikuwa umeshapita, njia ya Sapporo ilikuwa wazi kabisa. Nisiseme uongo, tungeweza kwenda.

Simu ikalia. Kwake Pickering ilikuwa jioni ya jana yake.

"Mmeshaondoka?"

"Kwenda wapi, kaka?"

"Sapporo! Mtoto anasubiri mzigo."

"Leo siendi Sapporo. Kumeanguka theluji mpya."

"Si ndiyo sababu ya kutoka mapema? Ukiiona theluji nilikwambia nini?"

"Niikimbie."

"Ehee."

"Leo naifuata."

Nilisikia televisheni ya sebuleni kwake. Halafu akatoa lile neno ambalo nililijua lipo, ambalo alikuwa amelitunza miaka yote kwa ajili ya siku kama hii. "Mimi ndiye niliyekutoa Tanga."

"Ulinitoa, kaka, na Mungu akulipe kheri. Lakini miguu nilikuja nayo mwenyewe."

"Unanijibu?"

"Nakujibu. Shikamoo, kaka."

Nikakata. Katika maisha yangu sikuwahi kumkatia kaka simu. Shoga, ambaye kwa kawaida ana neno la kila kitu, alinimiminia chai.

Nikampigia yule binti kuomba radhi, nimeandaa hotuba nzima. Akaangua kicheko.

"Shangazi, dagaa? Huku dagaa wapo mpaka duka la kituo cha mafuta! Wajapani wanachemshia supu kila siku. Nilimwambia baba mkubwa, akasema hao si dagaa."

"Sasa hawa niwafanyeje?"

"Kuleni, shangazi. Mimi nishawachoka."

Ndipo nikaelewa tabasamu la yule afisa. Nimevuka dunia nzima kupeleka nazi Tanga.

Tulipanda lifti ya viti, miguu inaning'inia, ubao umefungwa mguu mmoja. Juu kabisa nikafunga wa pili, nikasema bismillahi, nikafanya kama nilivyofundishwa: kandamiza, egemea mbele, kaza. Pua ya ubao ikaingia chini kama bata anayetafuta chakula, nami nikafuata. Nilizama mpaka kwapani. Nikaweka mkono niinuke, ukazama. Nikaweka wa pili, ukaufuata wa kwanza.

"Shoga, unachimba kisima?" Sauti ilitoka chini yangu.

"Na wewe umekaa hapo unafanya nini?"

"Nakusubiri."

"Umeanguka."

"Nimekaa."

Tukaanguka asubuhi nzima. Na shida ya theluji mpya ni kwamba haiwi mpya kwa muda mrefu. Kila tulipopanda tena tulikuta wenye mbio wameshapita, mistari imejaa mlimani kama daftari la mtoto, pale pasipokatwa pamepondwa. Nilianza kuona saa zinanikimbia. Kesho yake tulikuwa tunarudisha gari. Kurudi Pickering na kusema nilikata simu ya kaka ili nikachimbe mashimo? Hapana. Hilo nisingelimeza.

Zamu ya mwisho kabla lifti haijafungwa, shoga alinionyesha kwa kidole. Ukingoni mwa njia, ndani ya kamba ya mpaka, kando ya miti ile myeupe isiyo na majani, kilikuwa kimebaki kipande kirefu ambacho hakuna aliyekigusa. Kilishuka mpaka chini kabisa. Cha mtu mmoja.

"Nenda wewe," alisema.

"Twende wote, tutagawana."

"Hakigawanyiki hicho. Nenda. Mimi kaka yangu hajanikataza."

Nikasimama pale juu. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuliko punda, miguu haikuwa tena na nguvu ya kukaza. Nikaacha. Nikarudisha uzito mguu wa nyuma, nikajiegemeza kama mtu anayeegemea ukuta akisubiri umbea, nikaachia ubao uende. Pua ikainuka yenyewe. Toronto imenifundisha kubana kila kitu, meno, mkoba, mabega. Nikibana nazama, nikiachia naelea. Hakukuwa na ile sauti ya kukwaruza. Hakukuwa na sauti kabisa, ila mimi, ambaye nilikuwa napiga vigelegele bila kujua nimeanza lini, na kinywa kimejaa theluji. Niligeuka kushoto, ikapanda ikanipiga kifuani. Niligeuka kulia, ikanipiga usoni. Nikaila. Miaka ishirini imenila, nami nikaila. Mapaja yaliwaka moto, goti likaniita kwa jina, nikaliambia tulia, tutaongea nyumbani. Miti ikapita. Lifti ikapita. Nadhani nilivuka wilaya mbili. Nilisimama pale uzio wa maegesho uliponisimamisha, nimesimama kwa miguu yangu miwili, nikageuka kutazama juu. Mstari mmoja. Kutoka juu mpaka chini, umepinda kama mkia wa mjusi, mbaya, wangu.

Shoga alifika baadaye, nusu akiteleza, nusu akiviringika. Akautazama ule mstari. "Umepinda," akasema. Halafu akanikumbatia kwa nguvu mpaka kofia zetu zikagongana.

Jioni hiyo nilifanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Nilifungua mzigo wa mtu. Nikawaosha dagaa, nikawakaanga na vitunguu, nyanya na pilipili kwenye jiko la mzee, tukala na wali wake. Mzee alionja mmoja, akafumba macho, akainuka. Akarudi na mfuko kutoka kabatini kwake, akauweka mezani kando ya wa kaka. Dagaa. Wamekauka vilevile, wamekunja midomo vilevile, wadogo kidogo tu. Alicheka mzee yule mpaka paka akatoka chumbani. Nikapiga picha mifuko miwili pamoja, nikamtumia kaka, nikaandika chini yake: *Mzigo tumeula. Mlima nimeushuka nimesimama.* Alama zikageuka bluu. Jibu halikuja, si siku hiyo wala siku zilizofuata.

Nilijiambia basi, hatakuja kunipokea. Lakini mila ni mila. Toronto tulipotoka mlangoni kwa abiria, kaka alikuwa amesimama palepale aliposimama miaka ishirini iliyopita, tumbo limeongezeka, na lile koti la kijivu mkononi. Nililiacha nyumbani makusudi. Alikuwa amekwenda kulichukua kwa wanangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Vaa, nje kumeharibika."

"Nina langu."

Alilitazama koti langu jepesi la mlimani, jekundu kama pilipili. Akatazama ubao. Nilidhani kikao kingefunguliwa hapo hapo mbele ya abiria wote. Badala yake akamsalimu shoga yangu, na kwa kuwa hakuwa na pa kuliweka lile koti, akalivaa yeye, juu ya lake. Zipu haikufunga.

Nikamkabidhi mfuko wa dagaa aliotupa mzee. Akafungua, akanusa.

"Hawa wadogo," akasema.

"Ndio hao hao, kaka."

"Si hao hao." Akafunga mfuko, lakini aliushika mwenyewe, hakunirudishia. Hatua chache mbele akauliza bila kunitazama, "Ulianguka?"

"Sana."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Nje theluji ilikuwa inapiga kwa ubavu, na mtambo ulikuwa umesukuma tuta zima katikati yetu na gari lake. Kaka alisimama akalipima, mikono imetanuka kwa ajili ya makoti mawili, akaanza kulizunguka kwa mbali, akinyata. "Huku!" alinipigia kelele. "Pita huku!"

Nikaweka ubao begani, nikapita juu.